Mwenyekiti Asiyependa Miti

Mwenyekiti hakupenda miti. Nalisema hili mapema kwa sababu wageni waliomsikia kwa mbali, hasa wale wa magari yenye nembo milangoni, walimdhania kuwa mpenzi mkubwa wa miti, wakawa wanamletea fulana zenye picha za majani. Fulana hizo aliwagawia wachunga punda. Yeye mwenyewe alisema msitu una nyoka, una kupe, una nyani wasio na haya, na mtu mwenye akili zake hana shughuli ya kukaa humo ndani. Kwa miaka yote niliyomjua sikumwona hata siku moja akipumzika chini ya mti. Akitaka kivuli alikuja nyuma ya zahanati yangu, akaegemea ukuta, akalalamika kwamba ukuta una joto.

Na huyo ndiye aliyeulinda msitu wetu wa mtoni mpaka akagombana na mtu aliyempenda kuliko wote duniani.

Kijiji chenyewe kiko ukingoni mwa Tana, ukishuka kutoka Garissa kuelekea Masalani. Mimi ni mtoto wa Waberi, mjini Garissa. Kule nilipelekwa na kazi. Nilikuwa muuguzi, nikakabidhiwa zahanati ya vyumba viwili, kimoja cha wagonjwa na kimoja cha popo. Watu waliniita Daktari tangu siku ya kwanza. Nilijaribu kuwasahihisha, wakanisifu kwa unyenyekevu, wakaendelea kuniita hivyo hivyo.

Hapo kijijini mto umejikunja kama mkono, na ndani ya mkunjo huo palikuwa na msitu: mikuyu, mikwaju, mikoma, na migunga minene. Wenyeji waliuita kwa neno la Kisomali lenye maana ya kiwiko, nami nitauita Kiwiko. Maji ya Tana wakati wa mvua ni mekundu; ukiyaacha ndooni yakatulia, chini utakuta tope la kutosha kukandika ukuta. Lakini visima vifupi vilivyochimbwa kando ya msitu vilitoa maji meupe na matamu, kwa kuwa yalikuwa yamepita kwenye mchanga na mizizi, yakaacha uchafu wake njiani. Ukichimba nje ya Kiwiko, upande wa nyika, ulipata chumvi. Basi msitu ule ndio uliokuwa mtambo wetu wa maji. Haukuwa na injini, haukuwa na bomba wala bango, na kwa sababu hiyo wengi waliuona kama kuni.

Cheo chake Mwenyekiti alikipata kwa sababu ya Kiswahili. Afisa mmoja wa maji alikuja kutoka mjini kuunda kamati. Alikuwa mtu wa bara, Kisomali hakijui, na wazee wetu Kiswahili walikuwa nacho cha sokoni tu, cha kuuliza bei ya mbuzi na kuikataa. Wanaume walikaa kwenye mikeka. Mama huyu alikuja na kiti chake cha plastiki cha buluu, kwa sababu mgongo wake haukukubali mkeka, akakaa nyuma kabisa. Afisa akauliza, "Sasa, mwenyekiti ni nani?" Wazee wakatazamana. Mmoja akageuka, akanyoosha bakora yake.

"Ni yule," alisema. "Kiti ni ya yule mama."

Afisa akamshukuru kila mtu kwa kuwaamini wanawake, akapanda gari. Walipogundua walichofanya, wazee waliitisha kikao cha kumtoa. Yeye naye alihudhuria, na kiti chake.

"Mnitoe tu," aliwaambia. "Nani ataamka alfajiri kuangalia visima?"

Mmoja akauliza kama chai iko tayari. Kuanzia hapo akawa Mwenyekiti, na jina lake la kuzaliwa likapotea matumizi. Hata mumewe, mzee mfupi mpole aliyeishi maisha yake yote kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, alimwita hivyo hivyo nyumbani: "Mwenyekiti, chumvi iko wapi?" Mimi nilifanywa katibu, kwa kuwa nilikuwa na kalamu.

Alikuwa na lugha mbili na tabia mbili. Kisomali chake kilikuwa kirefu, chenye methali, na mashairi ya ngamia ambayo aliyasoma hata pasipokuwa na ngamia. Kiswahili chake kilikuwa kifupi kama fimbo, na alikitumia kama fimbo, kwa maafisa na wafanyabiashara wa makaa waliokuja na malori. Nakumbuka dereva mmoja aliyejaribu kumweleza kwamba mti ukikatwa huota mwingine. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sikia," alimwambia. "Mti nakunywa kwanza. Sisi nakunywa nyuma yake. Wewe nakata yule wa mbele, huyu wa nyuma takunywa nini? Soda?"

Dereva akasema yeye ametumwa tu.

"Fizuri. Na mimi natuma wewe. Rudi."

Sasa, mtu angedhani mwanamke wa namna hiyo hangegusa makaa. Aliyauza. Alikuwa na magunia yake ameyapanga mbele ya nyumba, na mikono yake ilikuwa myeusi hadi kwenye viwiko. Wageni wa magari yenye nembo walipoyaona walishikwa na aibu kwa niaba yake, wakapiga picha upande mwingine. Yeye hakuona aibu yoyote. Makaa yale yalikuwa ya mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa zamani kuzuia mchanga, ukazuia kila kitu: njia, malisho, na miguu ya mbuzi. Mathenge ulikuwa mti pekee ambao Mwenyekiti aliuchukia kwa moyo wake wote; mingine aliichukia kiasi. Alisema Mungu aliumba miti, halafu serikali ikaleta mathenge. Kila aliyetaka kuchoma makaa alielekezwa kwenye mathenge, aukate mpaka mikono ivuje damu, na Mwenyekiti akasimama pembeni kumtia moyo.

Kwa yule aliyekata mti wa Kiwiko, sheria ilikuwa mbuzi mmoja. Sheria hiyo aliitunga mwenyewe na wazee wakaipitisha haraka, kwa sababu mbuzi huyo alichinjwa na kuliwa na kijiji kizima siku hiyo hiyo. Mkosaji ndiye aliyepakuliwa kwanza. Alilazimika kukaa katikati, ale mbele ya watu, na watu wamwambie ahsante. Hakuna aliyetukanwa wala kusukumwa. Nimeona wanaume wazima, waliowahi kupigana na fisi kwa mikono mitupu, wakitafuna nyama ile kama watu wanaotafuna kandambili. Ila nisiseme kwamba sheria haikuwa na kasoro. Miezi ya kiangazi kikali, nyama ilipoadimika, wazee wawili watatu walianza kuzurura karibu na Kiwiko wakiwatazama vijana wenye mapanga kwa matumaini.

Mumewe alipofariki, wachimba kaburi walihitaji viunza, miti ya kufunika mwanandani anamolazwa maiti. Ilikuwa jua kali, maiti hasubiri, wakaingia Kiwiko wakakata migunga michanga, wakaja nayo. Hakuna aliyesema neno. Nani angesema? Tukazika, tukasoma dua, matanga yakaisha. Siku ya kwanza alipotoka nje, Mwenyekiti alimfungua mbuzi kutoka kwenye zizi lake mwenyewe, akamburuta hadi mahali pa mkutano.

Imamu akamfuata. "Mama," alisema, "maiti hana kosa."

"Maiti hakukata," alijibu. "Walikata kwa ajili yake, na yeye ni wa nyumba yangu."

"Lakini hii ni dharura. Dini ina nafasi ya dharura."

"Dini ina nafasi. Kisima hakina."

Mbuzi akachinjwa. Kwa mujibu wa sheria Mwenyekiti akapakuliwa kwanza, akakaa katikati, katika nguo zake nyeupe za eda, akala polepole. Tukamwambia ahsante, mmoja baada ya mwingine. Alikuwa mbuzi mnono sana. Hakuna aliyemsifu.

Waandishi na wageni walipenda kumuuliza ni kitu gani kilichomsukuma kuhifadhi msitu. Walitarajia jambo la babu zake, au la ndege. Jibu lake lilikuwa moja.

"Mgongo."

Walisubiri aendelee. Hakuendelea. Mkalimani, ambaye mara nyingi nilikuwa mimi, alisema, "Anasema mgongo wake," nao wakaandika kitu kirefu zaidi.

Mtu aliyempenda kuliko wote alikuwa mdogo wake wa kiume. Alimlea yeye mwenyewe, akambeba mgongoni kutoka kambi moja ya ngamia hadi nyingine, akauza maziwa kumsomesha. Kijana akakua, akaingia biashara ya mifugo, akawa na malori na nyumba ya ghorofa mjini. Kijijini alijulikana kama Tajiri, nami nitamwita hivyo. Hakuwa mtu mbaya. Kila Ramadhani alituma tende na sukari, na alipokuja alilala kwenye nyumba ya dada yake, kwenye kitanda cha kamba, miguu ikining'inia nje.

Safari moja alikuja na fundi wa kupima ardhi. Alitaka kulifyeka eneo la Kiwiko, alime matikiti na ndizi, ateremshe injini ya kuvuta maji. Aliahidi kazi kwa vijana, na tangi kubwa kwa kijiji. Mkutano ulijaa kuliko sala ya Idi. Nilikuwepo, na nayaeleza maneno kwa Kiswahili ingawa yalisemwa kwa Kisomali.

"Abaayo," Tajiri alimwambia, akimwita dada kwa heshima, "msitu huu unamlisha nani? Nyani. Miaka yote mnakunywa maji ya kuchota kwa kamba kama watu wa zamani. Nitawawekea tangi."

"La kuwekea nini?" Mwenyekiti aliuliza.

"Maji."

"Yatoke wapi?"

"Visimani."

"Na visima vinapata wapi?"

"Mtoni."

"Mto huo mwekundu?"

Tajiri akacheka kidogo. "Abaayo, maji ni maji."

Mzee mmoja, ambaye hadi hapo alikuwa upande wa Mwenyekiti, alijikohoza akasema kwamba amefikiri sana, na kwamba tangi ni tangi. Wengine wakaitikia. Watu hawakuwa wapumbavu. Vijana wao walikuwa wamekaa bila kazi, na aliyekuwa mbele yao alikuwa mtoto wa kwao, mwenye mkono ulio wazi. Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Waliokaa upande wa chini wa kijiji walimpa Tajiri nusu ya chini ya Kiwiko. Wa upande wa juu walikataa kutoa yao. Mwenyekiti hakuinua sauti. Aliomba jambo moja tu, kwamba mpaka uwekwe katikati. Kesho yake akaonekana akiburuta matawi ya mathenge kujenga ua wa miiba, peke yake, hadi wanawake wa jirani walipoona haya wakaenda kumsaidia.

Jioni hiyo Tajiri alimfuata kuagana. Nilikuwa nimekwenda kumwangalia dada yake mikono, maana miiba ilikuwa imemchana.

"Umenikasirikia?" Tajiri aliuliza.

"Nimekulea vibaya," alimjibu, akinyoosha mkono wa pili nimfunge. "Nilikuwa nakuletea maji. Ilikuwa nikutume ukayachote."

Tajiri akaondoka.

Lazima niwe mkweli: matikiti yalikuwa matamu. Msimu ule wa kwanza malori yalitoka kijijini yamejaa, vijana walivaa viatu vipya, na injini ililia mtoni kutwa. Tangi la plastiki, refu na jeusi, lilisimamishwa kwenye mihimili. Mtu alimletea Mwenyekiti kipande cha tikiti kumwonyesha. Alikula chote.

"Tamu sana," alisema, akatema mbegu. "Ni maji yetu haya. Wameyavisha koti la kijani, wameyapeleka mjini."

Msimu uliofuata visima vya upande wa chini vilianza kutoa maji ya chumvi. Kwanza watu walisema ni kamba mpya, halafu wakasema ni ndoo. Mbuzi ndio waliosema ukweli: waliinamisha vichwa, wakanusa, wakaondoka. Mkunga wetu aliacha kuyatumia maji yale. Mimi nikaanza kuona watoto wa upande ule wakiletwa na matumbo ya kuhara, kwa kuwa nyumba nyingi zilirudia maji ya mto, nayo hayachemshwi na mtu asiye na kuni. Upande wa juu, ambako miti ilikuwa bado imesimama, visima vilibaki vitamu, lakini havikuwa vingi. Wanaume wa upande huo wakavifunga. Waliwaambia wenzao: nyinyi mmeuza fungu lenu, mmekula matikiti, nendeni mkanywe tangi. Mwenyekiti alikuwa akiumwa malaria siku hizo, amelala, na walimwambia kila kitu kiko sawa.

Ikawa wanawake wa upande wa chini wanapanda kando ya mto mwendo mrefu hadi mahali ambapo ukingo ni wa chini na mamba si wengi, wanarudi na madumu yamefungwa migongoni kwa kamba.

Mmoja wao, mke kijana mwenye mimba yake ya kwanza, aliletwa zahanati juu ya mkokoteni wa punda. Sikuweza kuiokoa mimba. Nilimsafisha, nikampa dawa, nikatoka nje kupata hewa. Mwenyekiti alikuwa nyuma ya ukuta, siku yake ya kwanza kutoka kitandani, amejifunika shuka. Alikuwa amesikia yote. Aliinuka akaingia ndani bila kuniomba ruhusa, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Ulikuwa unatoka wapi na maji?" alimuuliza.

Binti akamwambia.

"Dumu kubwa?"

"Kubwa."

Mwenyekiti akampapasa mgongo, chini kabisa, pale kamba inapokaza.

"Mimi wawili walitoka kwenye njia kama hiyo," alisema. "Wakati visima vya zamani vilipokufa, kabla hatujahamia hapa. Nilikuwa na umri wako. Wa kwanza tulimzika mimi na mume wangu. Wa pili nilimzika peke yangu, yeye alikuwa malishoni na ngamia." Kisha akageuka. "Daktari, mpe chai. Tia sukari nyingi."

Nimewahi kutafsiri neno "mgongo" mbele ya wageni wengi sana. Siku hiyo ndipo nilipolielewa.

Alitoka akaenda moja kwa moja visimani, shuka mabegani, anatembea kama mtu aliyekanyaga moto. Nilimfuata kwa kuwa niliogopa angeanguka. Wanaume watatu walikuwa wamekaa hapo wakilinda. Akawaambia waondoe miiba.

"Mwenyekiti, wao ndio waliopiga kura," mmoja alisema. "Waliikata miti kwa mikono yao. Wewe mwenyewe walikushinda."

"Aliyepiga kura ni bwana," alisema. "Mwenye kiu ni mke wake na watoto. Ondoa."

"Maji hayatatosha."

"Basi tutapungukiwa wote. Ondoa, au niondoe mimi, na mikono yangu umeiona."

Wakaondoa. Maji hayakutosha kweli. Tulipanga zamu, tukaoga kidogo, tukagombana sana, lakini kwa muda wote uliobaki wa kiangazi kile hakuna mwanamke aliyeletwa kwangu juu ya mkokoteni kwa sababu ya dumu.

Halafu mvua zikanyesha huko juu milimani na mto ukaja. Ulifika mchana, mwekundu, ukibeba magogo na paa la banda la mtu. Upande wa chini haukukuta kitu cha kuushika. Ukingo ulimeguka kama mkate uliochovywa kwenye chai: shamba, mabomba, injini, mihimili. Lile tangi, ambalo halikuwahi kujaa hata siku moja, lilionekana likielea kwa heshima kuelekea Masalani. Wavuvi wa huko walilivuta kwa mtumbwi, na nasikia linawafaa mpaka leo. Upande wa juu maji yaliingia Kiwiko, yakasimama kati ya miti, yakakaa, yakachoka, yakarudi. Yaliacha tope, kambare wachache, na nyani waliokaa matawini wakitutazama kana kwamba sisi ndio tuliofurika. Tulisafisha visima, na kabla ya mwezi kuandama maji yalikuwa meupe tena.

Tajiri alikuja kutazama. Alisimama ukingoni: palipokuwa na shamba sasa palikuwa na hewa. Kisha akapanda gari akarudi Garissa bila kupita kwa dada yake. Sidhani ilikuwa kiburi. Nadhani hakujua angeingia mlangoni na uso gani. Ikapita miaka.

Mwenyekiti hakumtaja. Ikibidi alisema "yule wa matikiti". Ila kila gari lililokwenda mjini alilipakia kibuyu cha maziwa ya ngamia, na dereva alikuwa na maagizo: ampe Tajiri, na akiulizwa yametoka kwa nani, aseme hayakutoka kwa mtu. Madereva walisema hivyo hivyo, kwa uaminifu. Tajiri aliyapokea, nao walisema aliyanywa akiwa amesimama.

Mimi nilihamishiwa Garissa nikarudi Waberi, kwenye nyumba ya wazazi wangu. Ijumaa moja, baada ya sala, Tajiri alinisubiri kwenye viatu, mlangoni mwa msikiti. Ndevu zilikuwa zimegeuka nyeupe, akazipaka hina, hina nayo ikachakaa.

"Daktari, nataka kwenda kule," alisema. "Twende wote."

"Kwa nini usiende peke yako? Ni kwenu."

"Nikienda peke yangu atanikaribisha kama mgeni. Sitaweza."

Tukaenda kwa pikapu yake, sukari na majani ya chai nyuma. Njiani aliuliza jambo moja tu, kama dada yake bado anaumwa malaria. Tulimkuta anachambua mchele uani. Alikuwa amekuwa mdogo, kama nguo iliyofuliwa sana. Akainua macho, akamtazama nduguye kutoka kichwani hadi viatuni.

"Waryaa," alimwita, kama anavyoitwa mtoto wa kiume, "umekonda."

"Na wewe, abaayo."

"Mimi nimezeeka. Wewe umekonda. Kaeni, mle."

Tulikula wali na nyama, tukanywa chai. Tajiri alianza maneno aliyokuwa ameyaandaa, nayasikia bado: "Abaayo, mimi katika jambo lile—" naye akamkatiza akimwambia aongeze mchuzi. Alijaribu tena baada ya chai. Mwenyekiti akainuka, akachukua sepetu iliyoegemea ukutani na kikombe cha bati, akasema, "Twendeni."

Alituongoza kupita visimani, kupita ule ua wa miiba, hadi upande wa chini. Sikuwa nimefika huko tangu mafuriko. Mto ulikuwa umesogea na kuacha mchanga na tope, na kwenye tope hilo palikuwa na vichaka vya mikoma vinavyofika kifuani, migunga myembamba, na mikuyu michanga yenye majani mapana. Mwenyekiti aliingia katikati yake akikunja uso, akipiga ardhi kwa sepetu ili nyoka wamsikie.

"Umeipanda yote hii?" Tajiri aliuliza.

"Mimi? Kupanda miti?" Alionekana kukerwa. "Nilikataza mbuzi. Vingine vimejileta." Akasimama mahali palipozama kidogo, akampa nduguye sepetu. "Chimba hapa."

Tajiri akavua koti. Alichimba kama mtu wa mjini, kwa nguvu nyingi mahali pasipostahili, na dada yake akamwelekeza kwa kidole cha mguu. Jasho lilimtoka hadi hina ikatiririka shingoni. Mchanga ukawa baridi, ukawa mbichi, halafu chini ya shimo maji yakaanza kujikusanya, ya rangi ya maziwa kwanza, kisha yakatulia. Mwenyekiti alipiga goti kwa shida, akachota, akanywa, akafumba macho kidogo.

"Bado," alisema.

Akampa Tajiri kikombe. Tajiri akanywa, uso ukamkunjika.

"Chumvi."

"Chumvi."

"Itachukua muda gani?"

Mwenyekiti alifikiri. Aliniegemea begani ili asimame, akapangusa magoti.

"Mwaka jana nilitema," alisema. "Mwaka huu nimemeza."

Tajiri akakitazama kikombe. Akakiinua tena, akanywa mpaka kikaisha, taratibu, kama dawa ya kupimiwa. Kisha akainama, akakijaza, akanipa mimi.

Yalikuwa na chumvi kweli. Nikameza.